Adhana ya Televisheni na Jua la Mtendeni



 Nimepewa nafasi nieleze jambo lililotukuta nyumbani katika likizo ya Desemba. Naomba mnivumilie, kwa kuwa ndani yake mna hesabu kidogo, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Shule zilipofungwa nilichukua daftari nikapanga ratiba ya likizo. Sitaficha kitu: ratiba ile ilikuwa ya televisheni. Asubuhi katuni za Ubongo Kids pamoja na wadogo zangu (nasema ni kwa ajili yao, lakini hesabu za mle zimenisaidia na mimi), mchana filamu, jioni mpira, na usiku taarifa ya habari kwa sababu baba hakubali itazamwe nyingine. Kompyuta niliipa saa moja tu kwa wiki. Nayo ilikuwa kwa sababu ya Ustadhi. Siku ya mwisho kabla hatujaachana alituonyesha programu mpya aliyoletewa kwenye flashi, iitwayo Stellarium, ambayo huonyesha mbingu kama zilivyo mahali popote na saa yoyote utakayo. Akasema kompyuta ya madrasa itakuwa wazi siku za Jumamosi, twende tuijaribu, tukirudi masomoni tumwambie inafaa kwa lipi. Niliona ni kazi ya kujaza muda.

Ikaja Alhamisi moja, mwezi unakaribia kwisha. Dada yangu mkubwa alikuwa analipa siku zake za Ramadhani, zimebaki mbili. Mimi nikafunga sunna ili asiwe peke yake. Jioni ile ilinyesha mvua kubwa ya Desemba mnayoijua, mabati yakapiga kelele hata tukaongeza sauti ya televisheni hadi mwisho. Nje kulikuwa kumeziba, huwezi kusema kama ni saa kumi na moja au saa moja. Televisheni ilikuwa kwenye stesheni moja inayorusha matangazo yake kutoka Dar es Salaam. Ikaadhiniwa Maghribi. Dada akachukua tende, akasoma dua, akala. Nami nikala. Tukanywa uji.

Mvua ikapungua. Dakika ishirini na kitu baadaye, tukiwa tumeshamaliza uji, tukasikia adhana ya msikiti wa kwetu. Hakuna aliyesema neno. Mama alisimama akafungua mlango, akatazama nje upande wa magharibi ambako wingu lilikuwa limepasuka, kisha akamtazama dada.

Baada ya Isha baba alikwenda kwa Ustadhi na swali. Jibu alilorudi nalo ni kwamba dada hana dhambi, kwani alikula akiamini jua limezama, lakini kwa kauli ya wanazuoni wengi, na madhehebu yetu ya Shafii yakiwemo, siku ile haikuhesabika na ataifunga tena. Alitaja hadithi ya Asmaa binti Abubakar, Mwenyezi Mungu amridhie, iliyomo katika Sahihi Bukhari, kwamba jambo kama hilo liliwapata Waislamu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie: walifuturu siku ya mawingu kisha jua likatokeza. Basi dada aliyekuwa na siku mbili alibaki na mbili zile zile. Kwangu mimi ilikuwa sunna, sina deni. Ila Ustadhi alinitumia ujumbe kwa baba: Jumamosi niende kwenye kompyuta, nikajue ni dakika ngapi hasa.

Hapo ndipo ratiba yangu ya televisheni ilipoharibika.

Nilipoifungua Stellarium nilistaajabu kuona majengo na miti ya kizungu na jua limekaa mahali pasipoeleweka. Kumbe programu hii, isipoambiwa uko wapi, hujiweka Paris. Aliyeanza kuiandika mwaka 2000, Fabien Chéreau, ni Mfaransa, kwa hiyo sishangai sana. Inatolewa bure, haihitaji intaneti ikishaingia kwenye kompyuta, na hata kompyuta iliyochoka kama yetu inaiendesha, ingawa polepole. Ukibonyeza F6 linafunguka dirisha la mahali. Nikaandika Tabora, ikaja. Mtendeni haimo, lakini kwa jua, Mtendeni na stesheni ya reli ni pamoja. F5 hufungua tarehe na saa. Herufi L hukimbiza muda mbele, K huurudisha kwenye mwendo wake wa kawaida. Angalieni pia saa za ukanda ziwe zetu, saa tatu mbele ya zile za Greenwich, la sivyo kila mtakachokiona kitakuwa cha watu wengine.

Niliweka tarehe 25 Desemba, mahali nikaweka Dar es Salaam, nikaukimbiza muda mpaka jua likazama. Ilikuwa saa 12 na dakika 39 za jioni. Muda nikauacha pale pale, nikabadilisha mahali tu, nikaandika Tabora. Jua likarudi juu! Lilikuwa bado nyuzi nne na zaidi juu ya upeo, karibu upana wa vidole viwili au vitatu ukinyoosha mkono wako mbele ya macho. Nikaliacha lishuke. Lilizama saa 1 na dakika 1 za usiku. Tofauti ni dakika 22 au 23. Ndizo dakika tulizokula tende na uji mchana.

Sasa sababu yake. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, ambazo ni nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya nyuzi 39.3 mashariki, Tabora iko kwenye nyuzi 32.8. Toa, unapata nyuzi 6.5. Zidisha kwa 4, unapata dakika 26. Kwa sehemu zetu hizi, kila ukienda kilomita 28 hivi kuelekea magharibi jua linachelewa dakika moja. Ndugu zetu wa Ujiji wanatusubiri sisi tufuturu, kisha wao wanangoja tena dakika 12 au 13. Igunga wanatutangulia dakika 4.

Msomaji makini atauliza: mbona hesabu imeleta 26 na kompyuta imeleta 23? Nami nilidhani nimekosea. Sababu ni latitudo. Dar es Salaam iko kusini zaidi yetu kidogo, na Desemba jua liko kusini, hivyo mchana wa Dar ni mrefu kuliko wetu kwa dakika chache. Jioni yao inasogea kuja kwetu. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, tofauti ya Maghribi inafika dakika 29. Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, ndipo zinakuwa 26 kamili. Kwa hiyo mtu akikwambia "ongeza dakika ishirini na tano basi", amekaribia, lakini katika kufuturu kukaribia hakutoshi.

Nilikaa nikaifikiria hali yetu. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni na msafara wao, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba, siku 134 njiani. Msafiri wa namna ile hakuweza kukosea Maghribi ya Tabora kwa Maghribi ya pwani, maana pwani alikuwa ameiacha miezi minne nyuma. Aliswali kwa jua alilolikuta. Reli ilipofika hapa mwaka 1912 safari ikawa ya siku chache, na treni haiwezi kuendeshwa kila mji ukiwa na saa yake. Saa moja ya nchi nzima ikawa ni lazima. Televisheni ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994, na sasa picha ya Dar es Salaam hupanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta ikashuka kwenye dishi la jirani yangu kwa robo ya sekunde. Jua kwa safari hiyo hiyo linatumia dakika 26. Hapo katikati ndipo dada yangu aliponaswa.

Na saa yenyewe ya ukutani si ya Tabora, wala si ya Dar es Salaam. Afrika Mashariki yetu hutumia saa ya longitudo ya nyuzi 45, ambayo haipiti Tanzania kabisa. Mji mkubwa ulio karibu nayo ni Mogadishu. Ndiyo maana huku kwetu saa 6 kamili ya mchana jua halijafika utosini. Nilitaka kulihakikisha hilo bila kompyuta, maana Ustadhi hapendi mtu aseme "kompyuta imesema". Nilisimamisha uani fimbo ya mita moja, nikaipima kwa uzi wenye jiwe isiegemee, nikawa naweka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kilifupika, kikafupika, kikafika sentimita 33, kisha kikaanza kurefuka. Kile kifupi kabisa kilikuwa kati ya saa 6:45 na saa 6:55. Programu ilikuwa imesema saa 6:49. Kwa Dar es Salaam ni saa 6:23. Na jambo lililowafurahisha wadogo zangu: kivuli kilielekea kaskazini, kwa sababu Desemba jua linapita kusini mwetu.

Msidhani hiyo 6:49 ni ya mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba jua la Tabora hufika katikati saa 6:32 hivi, na katikati ya Februari hufika saa 7:03. Dunia haiendi mwendo mmoja katika njia yake ya kulizunguka jua, na imeinama, kwa hiyo jua huitangulia saa yetu wakati fulani na kubaki nyuma wakati mwingine. Kalenda ya swala inabadilika kila siku kwa sababu hiyo.

Fimbo ile ile inatoa na Alasiri. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi huku, Alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na kitu chenyewe ukiongeza kile kivuli cha katikati ya mchana. Fimbo ni sentimita 100, kivuli cha mchana 33, basi ncha ikigusa 133 Alasiri imeingia. Kwetu ilikuwa saa 10 na robo. Wahanafi hungoja kivuli kiwe mara mbili ya kitu, ambayo kwa siku ile ni saa 11 na robo. Kaka yangu ana programu ya swala kwenye simu, na siku zote ilikuwa inamwadhinia Alasiri saa nzima nyuma ya msikiti. Alikuwa anasema ina hitilafu. Haikuwa na hitilafu, aliichagulia Hanafi siku ya kwanza bila kusoma.

Nilipoifungua simu yake nikakuta na lingine. Programu hizi za swala hazina mwezi wala jua ndani yake. Zinapiga hesabu kama niliyowaonyesha, na kwa Alfajiri na Isha zinahitaji kuambiwa jua liwe limeshuka nyuzi ngapi chini ya upeo. Hapo wanazuoni na taasisi wametofautiana. Rabita ya Makka hutumia nyuzi 18 kwa Alfajiri, mamlaka ya Misri nyuzi 19 na nusu, na Waislamu wa Amerika ya Kaskazini wana hesabu ya nyuzi 15. Mwenye kuchagua ya Misri na mwenye kuchagua ya Amerika, wakiwa wamekaa kitanda kimoja hapa Mtendeni, Alfajiri zao zitapishana dakika 20. Kwa hiyo simu ikisema hivi na simu ya mwenzako ikasema vile, msigombane kabla ya kutazama nini kimechaguliwa. Mji ni muhimu kuliko vyote. Ya kaka ilikuwa bado imesimama Dar es Salaam, aliponunua simu.

Kuhusu Maghribi kuna jambo dogo nililolipenda. Hewa huupinda mwanga, kwa hiyo jua unaloliona limegusa upeo, kwa hesabu limeshazama. Stellarium inalijua hilo na inaonyesha kama jicho litakavyoona. Jicho ndilo linalohesabiwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nilisita kuliandika, ila bibi ameniruhusu.

Bibi yetu magoti yanamsumbua, anaswali chumbani, na masikio yake si ya zamani. Televisheni ndogo iko karibu na kitanda chake, na kwa muda mrefu Alfajiri ameswali kwa adhana ya televisheni. Adhana ya msikiti wetu ikija baadaye, sisi sote nyumbani tulikuwa na msemo kwamba muadhini wa kwetu ana usingizi. Tulikuwa tunacheka. Nilipoweka Alfajiri kwenye kompyuta kwa hesabu ya nyuzi 18, Dar es Salaam ilikuwa saa 10:51 na Tabora saa 11:20. Dakika 29. Bibi alikuwa anaswali, anatoa salamu na kuanza uradi, na alfajiri ya Tabora haijaingia bado.

Kwa mwenye kutaka kufunga hilo halina madhara, ameacha kula mapema tu. Kwa swala ni jambo jingine, kwani swala ya faradhi kabla ya wakati wake haimtoi mtu kwenye deni. Nilirudi nyumbani na karatasi yangu sijui nimwambie nini. Nikampa mama, mama akampa baba. Siku mbili walinong'ona. Bibi si mtoto, akauliza mnanificha nini, akaambiwa. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Na hizi zote za nyuma nitazilipa kwa magoti haya?"

Ustadhi alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa mkekani karibu na kitanda akamweleza kwamba mas'ala haya si mapya, yameandikwa zamani katika vitabu vya Kishafii: mtu aliyekuwa akiswali Alfajiri kabla ya wakati kwa muda mrefu, akidhani umeingia. Wakasema swala ya kila siku inasimama mahali pa deni la siku iliyotangulia, kwa kuwa alikusudia faradhi ya Alfajiri na hakujua. Ya leo imelipa ya jana, ya jana imelipa ya juzi. Basi linalobaki ni moja, la siku ya mwisho. Bibi akamuuliza tena, "Moja?" Ustadhi akasema moja. Akaomba maji ya udhu pale pale. (Mwenye hali inayofanana asichukue jibu kwenye makala yangu, aende kwa masheikh aulize, maana huenda kuna tofauti ndani yake.)

Baba alikwenda kwa muadhini. Sikuwepo, lakini nimeambiwa alimsimulia yote, ile mizaha yetu ikiwemo, akamwomba radhi. Muadhini alicheka. Alisema watu humpigia simu kila Ramadhani kumwambia amechelewa.

Wiki iliyofuata niliandika karatasi ya tofauti za dakika kwa kila mwezi, Dar es Salaam na Tabora, Alfajiri na Maghribi, nikaibandika kwa gundi juu ya televisheni ya sebuleni na nyingine chumbani kwa bibi. Kalenda zetu nyingi za ukutani huchapishwa Dar es Salaam. Baadhi zina jedwali la kuongeza au kupunguza dakika kwa kila mji, nyingine hazina. Tafadhali itazameni iliyo nyumbani kwenu. Aliye na ndugu Kigoma awaambie kwamba kwao tofauti na Dar es Salaam ni dakika 38 au 39 kwa wastani wa mwaka. Karatasi yangu iko ofisini kwa Ustadhi, anayetaka anakili.

Ratiba ya likizo sikuirudia. Filamu nyingi zilinipita, mpira niliuona.

Jumatatu dada alifunga tena, nami nikafunga naye. Jioni hakukuwa na mvua. Televisheni ikaadhini tukiwa tumekaa na tende mbele yetu, jua bado linawaka kwenye majani ya mwembe. Mdogo wangu wa mwisho akanyoosha mkono kwenye sahani. Bibi, ambaye siku hiyo alitoka akakaa nasi sebuleni, akamshika mkono akamwambia, "Hao ni wa Dar." Akaomba apunguziwe sauti ya televisheni, apate kumsikia muadhini.